Askofu, Mwenyekiti na Kadi ya Harusi

Barua za mwezi huu zimeelekea kanisani. Labda ni kwa sababu tumeingia msimu wa kipaimara na harusi. Watu wameshauza mahindi na viazi, mifukoni kuna kitu. Naanza na ya Tukuyu. Nimeipunguza, maana mwandishi wake aliniorodheshea hadi majina ya wachangiaji na ahadi zao.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu hapa Tukuyu. Sisi ni Wamoravian, binti anatoka Iringa na kwao ni Wakatoliki. Ibada itakuwa kwetu. Tumewaalika Baba Askofu na Mwenyekiti wa Jimbo. Kwenye kadi tuliandika jina la Mwenyekiti juu, la Askofu likafuata. Kadi ilipotumwa Iringa kwa simu, mjomba wa binti akapiga akiwa amewaka: "Tangu lini askofu akakaa chini ya mwenyekiti? Mwenyekiti ni wa kijiji!" Sasa pande zote mbili zimenuna na mchapaji anasubiri jibu. Naomba utueleze neno askofu maana yake hasa ni nini, limetoka wapi, na nani aanze kwenye kadi. (Katibu wa kamati, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, katibu, na pole. Ukatibu wa kamati ya harusi ni kazi ya lawama hata pale maharusi wanapokuwa wa kanisa moja.

Neno kwanza, kadi baadaye.

Askofu tumelipata kwa Waarabu, wanaosema usquf. Waarabu nao walilipata kwa Wakristo wa Shamu waliokuwa wakisali kwa Kisiria, na hao walilichota kwenye Kigiriki: episkopos. Ukilipasua hilo la Kigiriki unapata epi, yaani juu ya, na skopos, mtu anayetazama. Ni mtu anayetazama ili atunze, au ili akague. Tena halikuzaliwa kanisani. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo Waathene walikuwa na maofisa wa jina hilo, wakiwatuma kwenye miji iliyokuwa chini yao wakaangalie mambo yanaendaje na nani ameanza kuota mapembe. Kwa hiyo mjomba asinikasirikie nikisema kwamba kule Mufindi, kwenye mashamba ya chai, kazi hii tangu zamani ina jina lake: nyapara. Bahati nzuri waliotafsiri Biblia hawakuanzia Mufindi.

Wapo wanaosikia kwamba neno hili ni la Kiarabu wakashtuka, kana kwamba kanisa limeazima kitu msikitini. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza hivyo kila nilipofika kwenye mada ya maneno ya mkopo. Wakristo wanaosema Kiarabu walikuwapo kabla ya Uislamu. Habari za maisha ya Mtume Muhammad zenyewe zinasimulia ujumbe wa Wakristo wa Najran waliomwendea Madina, na katika msafara huo alikuwamo askofu wao. Tazama na ndugu zake neno hili: kanisa, shemasi, kasisi. Wote wamepita njia hiyo hiyo, kwa Wakristo wa Mashariki hadi Kiarabu, kisha pwani yetu. Padri ndiye aliyeshuka kwenye jahazi jingine, la Wareno. Na ukisikia Mjerumani anasema Bischof, Mwitaliano vescovo, Mwingereza bishop, hao ni watoto wa episkopos yuleyule waliopitia Kilatini. Kwa hiyo Mnyakyusa ambaye babu yake alibatizwa na Wajerumani, na Mhehe ambaye bibi yake alifundishwa katekisimu na Waitaliano wa Konsolata, leo wanatumia neno moja ambalo hakuna Mjerumani wala Mwitaliano aliyekuja nalo kwenye sanduku lake.

Neno ni moja. Kazi ndizo mbili, na hapo ndipo ugomvi wenu ulipo.

Kwa Wakatoliki, askofu ndiye mchungaji wa jimbo lake na ndiye mtawala wake. Anapanga mapadri, anafungua parokia, anaamua juu ya mali ya jimbo. Anao washauri, lakini hakuna mwenyekiti aliye juu yake hapo jimboni. Mjomba amekulia katika mpango huo, kwa hiyo hasira yake ina mantiki.

Kwa Wamoravian mpango ni mwingine. Sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, inachagua Halmashauri Kuu na Mwenyekiti wake kwa kipindi maalumu, na hao ndio wanaoendesha jimbo: uhamisho wa wachungaji, fedha, shule, hospitali, viwanja vyenye migogoro. Askofu naye anachaguliwa na sinodi, na akishawekwa wakfu ni askofu hadi siku ya kufa kwake, lakini uaskofu wenyewe haumpi funguo za ofisi. Yeye ndiye anayewawekea mikono wachungaji wapya. Ni mchungaji wa wachungaji. Mchungaji aliyeelemewa huko milimani ana mtu wa kwenda kumlilia ambaye hatashika faili la uhamisho wake mkononi. Na ni mtu wa kuliombea kanisa. Mimi niliyebatizwa Rungwe nauona mpango huu una akili, ingawa nakiri kwamba mgeni anachelewa kuuelewa.

Umetoka wapi? Kanisa hili lilianza mwaka 1457 huko Bohemia, nchi tunayoiita leo Czech, na lilijiwekea maaskofu wake tangu mwaka 1467, miaka hamsini kabla ya Luther kuandika hoja zake. Baada ya vita vya Mlima Mweupe vya mwaka 1620 walisambaratishwa. Waliobaki walijificha vijijini, wengine wakakimbilia Poland na kwingineko. Jan Amos Comenius, ambaye kila aliyesomea ualimu amekutana na jina lake, alikuwa askofu wao uhamishoni, na alipofariki mwaka 1670 ilionekana kanisa limekwisha. Lakini uaskofu wenyewe ulipona chupuchupu kwa kupita ndani ya familia: mjukuu wake, Daniel Ernst Jablonski, mhubiri katika ikulu ya Prussia kule Berlin, alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu wa kanisa ambalo karibu halikuwa na watu. Wakimbizi wa Moravia walipojikusanya upya Herrnhut, Ujerumani, na kuanza kutuma wamisionari, walihitaji mtu wa kuwabariki wachungaji wao ng'ambo kihalali. Mwaka 1735 Jablonski akamwekea mikono David Nitschmann. Seremala. Tayari alikuwa amekwenda visiwa vya Karibi kuwahubiria watumwa, akiishi kwa msumeno na randa.

Sasa umeona kwa nini askofu wa Moravian hakupewa ofisi ya kutawala. Uaskofu ulihifadhiwa kwa ajili ya kuweka mikono na kuombea. Utawala ulikwisha kuwa wa baraza na sinodi. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na mpango huo huo.

Kuhusu dharau ya mjomba kwa neno mwenyekiti, mpelekee hili kwa upole, baada ya chakula. Kanisa la askofu kwa Wakatoliki linaitwa kathedrali, na kathedra kwa Kigiriki ni kiti. Ni kiti hasa, chenye miguu na mgongo, kilichowekwa karibu na altare, ambacho akikikalia askofu wa jimbo anafundisha. Zamani mwalimu ndiye aliyekaa na wasikilizaji wakasimama. Ndiyo maana Yesu anasema waandishi na Mafarisayo wameketi katika kiti cha Musa, na neno lililotumika pale ni hilo hilo kathedra. Kanisa likiwa kubwa kama uwanja wa mpira lakini halina kiti hicho, si kathedrali. Likiwa dogo la matofali ya kuchoma na kiti kimo, ni kathedrali. Kwa hiyo katika harusi hii mwenye kiti wa kwanza ni askofu wa mjomba mwenyewe.

Haya, kadi. Msipange majina kwa ukubwa, pangeni kwa kazi. Andikeni ibada itaongozwa na nani, kisha mstari wa baraka au wa neno upewe atakayelitoa. Kama Mwenyekiti anakuja kama kiongozi wa Jimbo, jina lake liwe kwenye salamu za kanisa. Hapo hakuna aliye juu wala chini. Kuna aliyetangulia kusimama. Na kabla ya kuchapa, pigeni simu ofisi ya Jimbo muulize wao huwa wanaandikaje. Karani wa pale ameshaona kadi nyingi kuliko mimi na wewe.

Lakini katibu, kuna askofu mmoja ambaye barua yako haikumtaja hata kidogo, na ndiye harusi hii inayemhitaji kuliko wote: askofu Mkatoliki wa Iringa. Mkatoliki akifunga ndoa na Mkristo wa kanisa jingine anatakiwa kupata ruhusa ya askofu wake. Na ndoa hiyo ikifungwa kwenye kanisa la Moravian badala ya mbele ya padri, anahitaji pia kuondolewa sharti la utaratibu wa Kikatoliki, ambalo askofu wa upande wa binti huliondoa baada ya kuwasiliana na askofu wa mahali ndoa inapofungwa. Yaani Iringa iulizane na Mbeya. Binti ataahidi kwamba ataishika imani yake na atafanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mdogo wako ataelezwa ahadi hiyo ili asije akasema hakujua. Yote haya yanaanzia kwa paroko wa binti, na yanataka muda. Msiende wiki ya harusi.

Nayajua kwa sababu mke wangu ni mtoto wa Tosamaganga, misheni ya Wakatoliki kule Iringa. Karatasi yetu ilikuwa moja tu, imechapwa kwa taipureta ambayo herufi "a" yake ilikuwa imeziba wino, na muhuri wa zambarau umekanyaga mkia wa saini. Paroko aliisoma kwa sauti mbele yetu, akatutazama juu ya miwani, akaikunja na kuirudisha ndani ya jalada. Askofu mwenyewe hatukumwona. Wala hakuwa kwenye kadi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Mafinga. Naomba kuuliza, wingi wa askofu ni maaskofu au waaskofu? Pia Biblia yangu kwenye Timotheo inasema "askofu" lakini kwenye Matendo ya Mitume inasema "waangalizi", na mwalimu wetu wa Maarifa ya Biblia alituambia ni neno moja. Kwa nini walitafsiri tofauti? (Mwanafunzi, Mafinga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni maaskofu. Majina mengi ya vyeo tuliyoyakopa huchukua ma- kwenye wingi: makarani, madaktari, marais, makasisi. Lakini viambishi vya kitendo hubaki vya watu: maaskofu wamefika. Ukiandika "maaskofu yamefika" kwenye mtihani, hata mimi niliyestaafu nitakuja Mafinga kukukata maksi.

Mwalimu wako amesema kweli. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo wengi tunayo, imeandika katika 1 Timotheo 3:1, "mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema". Kwenye Matendo 20:28 neno lilelile limekuwa "waangalizi". Na 1 Petro 2:25 linamhusu Kristo mwenyewe: "Mchungaji na Mwangalizi wa roho zenu".

Soma Matendo sura ya 20 kuanzia mstari wa 17, usirukie wa 28. Paulo yuko Mileto, ana haraka ya kwenda Yerusalemu, anatuma watu Efeso wakawaite wazee wa kanisa. Wanakuja. Anawaaga, na katikati ya kuwaaga anawaambia Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi. Watu ni walewale! Mwanzo wameitwa wazee, mwisho waangalizi, na wako wengi katika mji mmoja. Angeandikwa hapo "maaskofu", msomaji wa Mafinga angewaona wamevaa kofia ndefu na kushika fimbo, wakati picha hiyo bado haijawapo duniani. Naona watafsiri walifanya busara. Kwenye Timotheo, ambako sifa za kazi zinatajwa moja baada ya nyingine kana kwamba ni tangazo la nafasi, walichukua jina la cheo.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi wa Antiokia anasindikizwa na askari kwenda kuuawa Roma, na njiani anayaandikia makanisa barua. Katika barua hizo tayari karibu kila mji una askofu mmoja, wazee wamemzunguka, na mashemasi wapo. Huo ndio mpangilio ulioenea. Wazee wa Kigiriki, presbyteroi, ndio waliozaa upadri na pia wale wapresbiteri wa Moravian. Ukilijibu hivi swali la mtihani utapata maksi zote, ila uandike kwa ufupi kuliko mimi.

SWALI: Mwalimu, mimi nafanya biashara Mwanjelwa. Karibu na kibanda changu kuna kanisa la mabati. Mchungaji wake tulimzoea kama Mchungaji, baadaye bango likabadilika akawa Mtume, na sasa wamepaka rangi upya: Askofu. Waumini ni walewale. Je, inaruhusiwa? (Mama wa mitumba, Mwanjelwa)

JIBU: Dada yangu, kama unauliza serikali, serikali inasajili jumuiya za dini kwa Msajili wa Jumuiya, haigawi vyeo vya kiroho. Hakuna askari atakayekuja kufuta bango.

Kama unauliza Biblia, mtetezi wake anaweza kukuambia kwamba hata Efeso waangalizi walikuwa wengi na makanisa yao yalikuwa majumbani mwa watu, pengine madogo kuliko hilo la mabati. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Uchache wa waumini peke yake haumvui mtu uaskofu. Kwa Wakatoliki askofu msaidizi hupewa kwa heshima jina la jimbo la kale ambalo leo halina waumini hata mmoja, mengi yako Afrika ya Kaskazini na Uturuki, na bado ni askofu kamili.

Mimi ningeuliza jingine: nani alimwekea mikono? Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliamua kwamba askofu awekwe na maaskofu wote wa eneo lake, na ikishindikana wasipungue watatu, wengine wakiridhia kwa barua. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Watatu wanaweza kukataa. Wanaweza kusema huyu tunamjua, ana madeni, au huyu mkewe hatujamsikia. Makanisa yetu ya Kipentekoste yenye utaratibu yanalijua hilo. Yana mikutano ya kuchagua, na baadhi yake yana cheo cha Mwangalizi wa jimbo au wa kanda, ambacho kwa Kiswahili safi ni uaskofu bila kofia. Aliyepaka bango mwenyewe usiku, asubuhi akaamka askofu, hana aliyemwangalia yeye.

Na usihangaike sana. Uza nguo. Akikusalimu muitikie, ukimwita Baba Mchungaji hakuna kosa.

SWALI: Mwalimu, habari za Mbeya. Hapa Njombe tuna askofu Mkatoliki, askofu wa KKKT na askofu wa Anglikana, wote makao yao ni hapa mjini. Kinachonichanganya ni jimbo na dayosisi. Shemeji yangu ni Mkuu wa Jimbo lakini anasema yeye si askofu. (Mzee wa Kibena, Njombe)

JIBU: Njema, mzee. Shemeji yako yuko sawa. Mkatoliki anaposema jimbo anamaanisha eneo lote la askofu: Jimbo la Njombe, Jimbo la Iringa, na Jimbo Kuu la Mbeya lililopandishwa hadhi mwaka 2018. Mlutheri na Mwanglikana eneo hilo wanaliita dayosisi. Hao Walutheri wa KKKT wakishasema dayosisi, jimbo kwao linakuwa kipande cha ndani, kina Mkuu wake ambaye ni mchungaji chini ya askofu. Ndiyo nafasi ya shemeji. Kwa Wamoravian jimbo ni kubwa tena, ndilo kanisa zima la upande huo wa nchi. Ongeza la mbunge, upate la nne.

Dayosisi nalo ni Kigiriki, dioikesis, uendeshaji wa nyumba na mali yake. Waroma waliligeuza kuwa la kiserikali. Mtawala Diokletiano aliipanga himaya katika dayosisi 12, bila askofu hata mmoja ndani yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwatesa Wakristo. Kanisa lilirithi jina la tarafa za mtesi wake. Na kwa kuwa uko Njombe, tazama kibao cha Waanglikana: dayosisi yao bado inaitwa ya South West Tanganyika, nchi ambayo haimo tena kwenye pasipoti ya mtu yeyote.

SWALI: Kamwene Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa. Nimepewa oda ya nguo za askofu anayekuja kusimikwa, nikaambiwa tu "zambarau". Dukani kuna zambarau tatu, moja imeelekea bluu, moja nyekundu, moja ya katikati. Nichukue ipi, na kwa nini lazima zambarau? (Fundi, Iringa)

JIBU: Kamwene, fundi. Zambarau ya kale ilitolewa kwenye konokono wa baharini. Ilihitajika lundo lao kupata rangi kidogo tu, kwa hiyo aliyeivaa alikuwa tajiri au mtawala. Lidia wa Thiatira, yule wa Matendo 16, alikuwa akiuza rangi hiyo. Heshima ikahamia kwa maaskofu.

Ipi? Kwanza uulize ni wa kanisa gani, kabla ya kukata hata kipande. Askofu Mkatoliki ana zambarau iliyokolea wekundu, na mara nyingi katika nchi zetu za joto unashona kanzu nyeupe, zambarau inakaa kwenye mishono, vifungo na mshipi. Waanglikana na Walutheri huvaa shati lenyewe la zambarau na kola nyeupe. Ile iliyoelekea bluu sana iache dukani. Ni ya Kwaresima na Majilio, tena ni ya vitambaa vya altare na stola.

Kama wanaoleta oda ni Wakatoliki, waulize pia kuhusu vile vitambaa vyeupe virefu vya mabegani. Watumikiaji wawili, mmoja anayebeba mitra, ile kofia ndefu, na mwingine fimbo ya kichungaji, huvishika kupitia kitambaa hicho, vidole visiguse. Kamati huwa inavisahau hadi jioni ya mkesha, kisha inakuja kukugongea. Omba sampuli kutoka nguo yake ya zamani, uilinganishe dukani mchana, nje mlangoni, na uchukue malipo ya awali. Kamati za kusimika askofu hazina tofauti na kamati za harusi.